Alama Katika Ngozi

Neno "adimu" ni neno la kutumiwa kwa hadhari. Kitu huweza kuwa adimu mahali pamoja, na mahali pengine kikawa cha kila siku. Barafu ni adimu Lodwar, na mwembe ni adimu London. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba dunia haina barafu wala miembe. Mambo ni hivyo hivyo katika maradhi. Iko saratani moja ya mishipa ya damu, ambayo aghalabu huanza katika ngozi, na baadaye huweza kuingia katika viungo vya ndani. Kwa muda mrefu vitabu vya utabibu vya Ulaya viliiandika kuwa ni ugonjwa adimu, wa wazee wachache. Walioandika hivyo hawakusema uongo. Walisimulia habari za kwao. Lakini katikati ya karne ya ishirini, katika nchi zilizo karibu na Ziwa Viktoria, madaktari walikuwa wakiuona ugonjwa huo mara nyingi hata haukuwashangaza tena.

Ugonjwa huo unaitwa sakoma ya Kaposi. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha, nayo nilijifunza katika chuo cha ualimu. Haya ninayoyaandika nimeyapata katika vitabu na katika vinywa vya madaktari, nilipokuwa nikitafuta kuelewa ni kitu gani kilichomshika mjomba wangu, mkulima wa miwa katika magharibi ya Kenya, ambaye ameishi na ugonjwa huu katika mguu wake wa kushoto kwa miaka mingi. Ninawaandikia nyinyi wanafunzi kwa sababu nyinyi ndio mnaoulizwa nyumbani maana ya maneno ya daktari, na mara nyingi mtu anayeulizwa hana wa kumwuliza.

Huyo Kaposi alikuwa tabibu wa ngozi katika mji wa Vienna, nchini Austria. Alizaliwa mwaka 1837 katika mji wa Kaposvár, Hungaria, na jina la ukoo wake lilikuwa Kohn. Mwaka 1871 alilibadili jina hilo, akajiita Kaposi kwa kuufuata mji aliozaliwa. Mwaka 1872 alichapisha maelezo ya wagonjwa wachache, wanaume, waliotokwa na mabaka na vinundu vya rangi ya zambarau katika miguu na mikono yao. Mmoja wao alipofariki na mwili wake kuchunguzwa, vinundu vilionekana hata katika viungo vya ndani. Hivyo ndivyo jina la mji wa Hungaria, ambao wengi wetu hatutauona, lilivyofika katika kadi za wagonjwa wa Kisumu na Kakamega.

Sasa na tuutazame ugonjwa wenyewe. Kila mshipa wa damu una utando mwembamba ndani yake, uliofanywa kwa seli zilizolala bapa mfano wa vigae vya sakafu. Katika sakoma ya Kaposi seli za utando huo huacha desturi yake. Hurefuka, huchongoka pande mbili, nazo huzaana bila ya mpango. Huko kuzaana hujenga vijia vingi vidogo vidogo vya damu, lakini ni vijia vibovu vinavyovuja, na damu hutapakaa baina yake. Hapo ndipo inapotoka ile rangi ya baka. Kwanza huwa ni doa bapa, ambalo ukilipapasa kwa kidole hulisikii. Baadaye hunenepa likawa kama kigaga, kisha huinuka likawa kinundu kigumu. Mwanzoni aghalabu haliumi wala haliwashi, na jambo hilo, badala ya kuwa heri, ni sehemu ya hatari yake. Maana sisi wanadamu humwendea tabibu kwa kusukumwa na maumivu, na kitu kisichouma tunakipa miaka.

Mguu nao huvimba, kwa sababu njia za majimaji ya mwili huzibwa. Wengine huota mabaka katika kaakaa, ndani ya kinywa, pasipoonekana na mtu. Ukiingia katika tumbo na matumbo, ugonjwa huweza kuvujisha damu kidogo kidogo hata mtu akapungukiwa na damu asijue inakokwenda. Ukiingia katika mapafu, huleta kikohozi, pumzi fupi, na pengine makohozi yenye damu. Na mgonjwa wa namna hiyo huweza kutibiwa kifua kikuu kwa miezi mingi, hali vinundu vya mguuni mwake vinasema habari nyingine.

Nimesema kwamba madaktari wa huku waliuona mara nyingi. Katika miaka ya 1950 watu wa Chuo cha Makerere walianza kuandikisha saratani zote zilizoonekana katika Kampala na kandokando yake, kazi ya uvumilivu na isiyo na sifa, nayo imetufaa sana sisi tuliokuja baadaye. Kutokana na madaftari hayo ilionekana wazi kwamba sakoma ya Kaposi, iliyokuwa mzaha wa mitihani kwa wanafunzi wa utabibu wa Ulaya, ilikuwa ni miongoni mwa saratani za kawaida kwa wanaume wa Uganda. Mwaka 1961 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Kampala kwa ajili ya ugonjwa huu mmoja tu. Walikwisha kutambua kwamba uliwapata wanaume wengi kuliko wanawake. Kwamba katika watu wazima ulikwenda polepole katika miguu na mikono. Na kwamba katika watoto ulikuwa na tabia nyingine, ukiyashika matezi na kuenda mbio. Mwaka 1967 kilianzishwa huko Kampala kituo kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na katika miaka ya 1970 Charles Olweny, tabibu wa Uganda, na wenzake walijaribu kuchanganya dawa mbalimbali kwa ajili ya wagonjwa wa sakoma hii, wakapata wengi walioitikia matibabu.

Juu ya sababu zake watu walikisia mengi. Mwaka 1993 John Ziegler, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa kituo hicho cha Kampala, alitoa wazo kwamba udongo wa volkano, wenye chembe laini sana, huingia katika nyayo za watu waendao miguu mitupu, ukadhoofisha kinga ya mwili katika miguu. Mjomba alipolisikia wazo hilo kwangu alicheka, akasema kwamba kama ni hivyo basi ukoo wetu wote ungalikwisha kuzikwa. Hata hivyo alinunua mabuti ya mpira.

Tafadhali, msomaji, iweke akilini miaka hiyo niliyoitaja: 1872, 1961, 1967. Yote hiyo ni kabla ya mtu yeyote kulisikia neno UKIMWI.

Mwezi wa Julai mwaka 1981 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza kwamba wanaume 26 wa New York na California, wengi wao vijana, walipatikana na sakoma ya Kaposi. Huko kwao ilikuwa ni kama kuona mvua ya mawe jangwani. Ugonjwa wa wazee wachache umewashikaje vijana, tena kwa ukali hivyo? Hiyo ilikuwa mojawapo ya dalili za kwanza za janga la UKIMWI kuandikwa katika karatasi za serikali. Huku Afrika mambo yalionekana kwa njia nyingine. Katika mji wa Lusaka, Zambia, daktari mpasuaji Anne Bayley alikuwa ameizoea ile sakoma ya zamani, ya polepole, ya miguuni. Mwaka 1983 aliona wagonjwa wa namna mpya: ugonjwa uliruka upesi, ukaenea matezini na katika viungo vya ndani, wala dawa zilizozoeleka hazikuuzuia. Aliyatangaza hayo mwaka 1984. Mimi humheshimu kwa jambo moja hasa. Aliujua ugonjwa mpya kwa sababu aliujua vizuri ule wa zamani. Mgeni asingetambua tofauti. Na katika madaftari ya Kampala ya mwaka 1989 hadi 1991, sakoma ya Kaposi ilikuwa imekwisha kufika karibu nusu ya saratani zote za wanaume zilizoandikishwa.

Yakabaki maswali. Mzee wa Uganda asiye na UKIMWI, kijana wa New York mwenye UKIMWI, mzee wa Italia, na mtu aliyepandikizwa figo la mwingine na kupewa dawa za kupunguza kinga ya mwili ili figo lisikataliwe: watu hawa wanne wameshirikiana nini hata wakapatwa na saratani moja? Jibu lilikuja mwaka 1994. Yuan Chang na Patrick Moore, mke na mume, wote matabibu wachunguzi katika New York, waliona pamoja na wenzao athari za virusi visivyojulikana hapo kwanza. Ni virusi vya jamii ya hapisi, vya nane kutambuliwa kwa binadamu, navyo huonekana katika aina zote nne za ugonjwa huu. Hupita zaidi katika mate. Katika nchi zetu watu wengi huvipata utotoni, nyumbani mwao, kwa ndugu na jamaa, pasipo kosa la mtu. Na walio wengi katika hao huishi navyo hata uzeeni wasiugue kamwe. Kinga ya mwili huvilinda mfano wa mlinzi wa lango. Mlinzi akidhoofika, kwa VVU, kwa dawa za figo, kwa uzee au kwa sababu nyingine ambayo wataalamu bado wanaitafuta, ndipo virusi hivyo hupata nafasi.

Basi VVU si baba wa ugonjwa huu. VVU hufungua mlango tu, na mlango huo huweza kufunguka kwa njia nyingine pia. Lakini jambo hili, ambalo huelezwa kwa maneno machache, halikufika kijijini kwa mjomba.

Madoa ya kwanza yalimtokea mwaka 2009, nilipokuwa katika mwaka wa kwanza wa chuo. Alidhani ni alama za majani ya miwa, ambayo hukata ngozi kama wembe. Katika zahanati moja alipewa mafuta ya kupaka. Mwaka 2012 mguu ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii, na madoa yamepanda mpaka chini ya goti. Hapo watu wakaanza kusema. Katika miaka ya 1990 kijiji chetu kilikuwa kimewazika vijana wengi, na baadhi yao walikufa wakiwa na mabaka kama hayo. Kwa hiyo watu waliamini kwamba wanajua wanachokiona. Mwanamume aliyekuwa akinywa naye chai katika duka la sokoni alianza kukaa meza nyingine. Mke wa mjomba, mama mkubwa wa nyumba ile, aliulizwa kisimani maswali ambayo hayaulizwi mtu mzima. Wengine, kwa wema wao, walisema ni uchawi, na mjomba alisema kwamba katika maneno yote hilo ndilo lililokuwa la adabu zaidi.

Mwaka 2013 nilimpeleka katika hospitali kubwa. Walikata kipande kidogo cha ngozi, kisichozidi punje ya hindi, wakakitazama kwa hadubini. Maana ugonjwa huu hauthibitishwi kwa macho matupu. Walimpima na damu pia. Majibu yalisema kwamba ana sakoma ya Kaposi, na kwamba hana VVU. Baada ya miezi mitatu walimpima tena, na jibu likawa lile lile.

Mjomba aliikunja karatasi ya jibu la damu, akaiweka katika mfuko wa shati, na tangu siku ile hakuiacha. Aliionyesha sokoni, aliionyesha kwa chifu, aliionyesha hata kwa kondakta wa matatu ambaye hakuwa amemwuliza lolote. Wengi hawakumwamini, walisema karatasi hununuliwa.

Matibabu yake yalikuwa ni sindano za dawa mbili, kila baada ya majuma matatu. Tulikuwa tukifika alfajiri na kungoja katika benchi refu la mbao pamoja na wagonjwa wengine wa saratani. Siku moja, ilikuwa mara ya tatu au ya nne, mwanamume aliyekuja kuketi karibu nasi aliutazama mguu wa mjomba, akasogea kando nafasi ya mtu mmoja. Mjomba akatia mkono mfukoni, akaitoa karatasi yake, akasema, "Ndugu, soma. Mimi si wa huko."

Upande wa pili wa mjomba alikuwa ameketi msichana wa miaka kama ishirini na mitatu, amejifunga leso kichwani. Alikuwa na baka moja shavuni na mengine mkononi, ya namna ile ile. Alisema kwa sauti ya chini, wala hakuonyesha hasira: "Mzee, samahani. Karatasi yangu mimi inasema kinyume cha hiyo yako. Lakini tumepangiwa benchi moja na daktari mmoja."

Mjomba hakujibu. Yule mwanamume naye hakuichukua karatasi. Muuguzi alipoita jina la msichana, mjomba alimshikia mfuko wake mpaka alipotoka.

Tulipokuwa njiani kurudi alinyamaza mpaka tukakaribia nyumbani, kisha akasema, "Mpwa wangu, yule binti ana umri wa kitinda mimba wangu. Mimi nilikuwa nikimpa karatasi yule bwana, kumbe anayeisoma ni yeye."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko mengi niliyofundishwa. Mtu aliyesingiziwa ana haki ya kujitetea. Sitamlaumu mjomba kwa hilo. Lakini utetezi wake wote ulisimama juu ya neno moja lisilosemwa, kwamba angalikuwa na VVU basi majirani wangalikuwa na haki ya kuhama meza. Neno hilo si la kweli. Virusi havichunguzi tabia ya mtu kabla ya kuingia. Yule msichana, kama tulivyosikia baadaye kutoka kwake mwenyewe, alizaliwa navyo. Na hata angalivipata kwa njia nyingine yoyote, baka la shavuni lingebaki kuwa ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na daktari angeliandika dawa ile ile.

Tena upo uzito wa jambo hili usio wa heshima peke yake. Watu hufa kwa kuficha. Mwenye mabaka anayeogopa kuonekana huvaa suruali ndefu na soksi, husema ameumwa na wadudu, na huja hospitali siku ambayo mapafu yamekwisha kuingiliwa. Akija mapema, mengi huwezekana. Kwa mwenye VVU, dawa za kupunguza makali ya virusi ndizo msingi wa tiba. Kinga ikirudi, kwa wengine mabaka hufifia hata bila ya dawa nyingine, ingawa katika majuma ya kwanza huweza kuzidi kabla ya kupungua, na mgonjwa hana budi kuambiwa hilo asije akaziacha. Ugonjwa ukiwa umeenea, dawa za saratani huongezwa. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wenye VVU na sakoma iliyokwisha kuenea, katika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba dawa iitwayo paklitakseli iliwafaa wagonjwa kuliko matibabu mengine mawili yaliyolinganishwa nayo. Waliotoa miili yao ichunguzwe hivyo ni watu wa kwetu, na majina yao hayajulikani.

Liko jambo jingine dogo ambalo ningependa mlijue nyinyi mnaosoma vitabu vyenye picha. Picha nyingi za ugonjwa huu zimepigwa katika ngozi nyeupe, ambako baka huonekana jekundu au la zambarau kabisa. Katika ngozi yetu nyeusi rangi hiyo hufichwa. Baka huonekana la kahawia, au jeusi zaidi ya ngozi iliyo kandokando yake, na pengine huonekana kama kovu la zamani au chunjua. Mjomba alikaa na madoa yake miaka mitatu, nami nilikuwa nimeyaona kila likizo, na hayakufanana na kitu chochote katika kitabu cha biolojia nilichokuwa nacho. Doa lisiloisha, linaloongezeka au kunenepa, hasa likifuatana na uvimbe wa mguu, na lionyeshwe kwa mtu aliyesomea kazi hiyo. Na mwenye doa akafungue kinywa pia atazamwe kaakaa, hata asipoambiwa.

Sindano za mjomba zilimpotezea nywele kidogo na kumtia ganzi vidoleni, hata kwa miezi kadhaa akawa hawezi kufunga vifungo vya shati. Mkewe ndiye aliyemfungia. Vinundu vililala, vikawa mabaka bapa. Mwaka 2017 vilirudi katika unyayo, akatibiwa tena. Daktari hakumwambia kwamba amepona. Alimwambia kwamba ugonjwa huu katika wazee huweza kukaa na mtu kama jirani msumbufu, na kwamba kazi yao ni kumzuia asivuke ua. Mguu haukurudi wembamba wake. Huufunga kwa bendeji ya kubana kila asubuhi, huuinua juu ya kigoda jioni, na shamba amewaachia wanawe, isipokuwa mistari michache karibu na nyumba ambayo hukubali kuilima yeye tu.

Yule msichana alipata nafuu kabla yake. Baka la shavuni lilififia hata likabaki kama kivuli. Sasa ameolewa, anaendelea na dawa zake, na ana mtoto mmoja ambaye amepimwa na kuonekana hana VVU. Kila mwaka mwezi wa Desemba mjomba humpelekea miwa katika basi la asubuhi, amefunga mzigo kwa kamba ya katani. Naye msichana hupiga simu jioni kusema kwamba mzigo umefika na kuuliza mguu unaendeleaje.